Nipe za Mia Tano

Kuna kazi ya vidole ambayo hakuna aliyenifundisha, nikaifanya kwa miaka minne mpaka nikawa naweza kuifanya huku nikimsikiliza mteja mwingine: kufungua kapsuli ya amoksilini, dawa ya kuua bakteria. Unaishika ncha mbili, nyekundu mkono huu, njano mkono ule. Unaizungusha kidogo, unaivuta, inaachia bila sauti. Ndani kuna unga mweupe wenye harufu kama ya kiberiti kilichotoka kuzimwa. Unamwonyesha mama: "Umeona? Nusu hii asubuhi, changanya na uji kwenye kijiko. Nusu hii jioni." Halafu unaifunga, unaitia kwenye bahasha pamoja na zile nyingine nne, unapokea hela.

Duka lenyewe liko Ngamiani, kwenye moja ya zile barabara zenye namba. Anayeijua Tanga anajua namba hizo zinavyopangana, na kwa sababu hiyo sitaitaja yetu. Nje kuna benchi la wazee wa kahawa. Ndani kuna feni inayogeuza joto bila kulipunguza, friji dogo, na ukutani cheti changu cha kozi ya wauza dawa, kimewekwa kwenye fremu. Nilianza kazi hapo mwaka 2012 na mpaka leo nipo.

Mteja wetu wa saa nane mchana alikuwa mama anayetoka sokoni Mgandini, mtoto mgongoni, kamasi zimekauka chini ya pua. Hakusema "nipe dozi." Alisema, "Nipe za mia tano." Kapsuli moja ilikuwa shilingi 100, basi tano. Hakuna aliyeniuliza mtoto wa kilo ngapi anapewa ngapi, na mimi sikumuuliza mtu mtoto wake ana kilo ngapi. Swali lilikuwa pesa, na jibu lilikuwa kapsuli tano. Nilikuwa na hesabu yangu niliyojivunia: tano, nusu asubuhi, nusu jioni, siku tano kamili. Nilijiona nimemtendea haki mwenye mfuko mwembamba.

Nimesoma makala nyingi kuhusu dozi pungufu na usugu wa dawa, na karibu zote zinasema wananchi hawana elimu. Mimi nakataa. Yule mama alijua ni pungufu, alisema mwenyewe: "Najua hazitoshi mwanangu, lakini hapa nina elfu moja, na unga sijanunua." Mimi nilikuwa na cheti ukutani. Nusu dozi ile iliuzwa na mtu anayejua kwa mtu anayejua.

Wala sitaki mtu aseme basi maduka yafungwe. Mpango wa Duka la Dawa Muhimu ulianza Ruvuma mwaka 2003, kuchukua nafasi ya maduka ya dawa baridi yaliyokuwa yakiuza chini ya meza vitu ambavyo hayakuruhusiwa. Wazo lilikuwa zuri: muuzaji afundishwe, apewe orodha ya dawa anazoruhusiwa, na antibayotiki chache ziwemo. Mtoto anayebanwa na nimonia usiku, zahanati iko mbali, amoksilini iliyo jirani ndiyo uhai wake. Nimeona mtoto akirudishwa na amoksilini. Hakuna kazi nyingine ninayoijua ambayo mtu anarudi baada ya siku nne kukuonyesha mtoto anacheka.

Nilipoanza kazi, homa ilikuwa malaria mpaka ithibitishwe vinginevyo, na hakuna aliyeithibitisha vinginevyo. Kisha vipimo vya haraka vikaenea zahanati zote, vile vya tone la damu na mistari miwili. Mstari ukitoka mmoja tu, hana. Hapo ndipo nilipopata aina mpya ya mteja. Anakuja na kadi ya kliniki mkononi, amekereka: "Wamempima hana malaria. Sasa nipe ya kuua wadudu." Mlango wa dawa mseto ya malaria ulipofungwa, wa antibayotiki ukafunguka wenyewe. Nilidhani ni tabia ya mtaa wetu. Baadaye watafiti waliolinganisha nchi kadhaa wakakuta hali ileile: asiyeonekana na malaria kwenye kipimo, huyo ndiye aliyepewa antibayotiki zaidi.

Na wengi wao hawakuzihitaji. Uko utafiti uliofanyika Dar es Salaam na Ifakara, ukachapishwa mwaka 2014. Walichukua watoto 1,005 wenye homa wakawapima kila kinachopimika. Karibu 7 katika kila 10 walikuwa na virusi. Malaria ilikuwa kama mtoto 1 katika 10. Virusi havina habari na amoksilini. Unaweza kumpa mtoto mwenye mafua ndoo nzima, mafua yataondoka siku yake ileile yaliyopanga kuondoka, na wewe utamshukuru muuza dawa. Nimeshukuriwa sana namna hiyo.

Mwanangu wa kwanza alikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili alipopata homa isiyo na jina. Hakukohoa, hakuharisha, hakuwa na mafua. Jioni anachemka, asubuhi anapoa kidogo, mchana anachemka tena. Mimi mtaalamu nikachukua chupa ya amoksilini ya maji dukani, nikaikoroga mpaka kwenye alama, nikampa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kipimo kamili. Kwa mwanangu sikufungua kapsuli. Naomba mliangalie hilo vizuri, kwa sababu mimi nimeliangalia sana.

Siku ya tatu hakuna kilichobadilika. Nikahamia kotrimoksazoli, ile ambayo kila mtu anaiita septrini. Siku ya tano akakataa ziwa. Mama yangu, aliyekuja kutoka Pangani kumwona mjukuu, alimshika paji la uso, akajifunga khanga, akaniambia, "Umelifanya duka lako hospitali? Mtoto anakwenda leo, si kesho."

Hospitali sitaitaja. Malaria hakuwa nayo. Wakaanza sindano ya seftriaksoni, ambayo dukani kwetu tuliihesabu kama mkubwa wa kazi, ikishindwa hiyo imeshindikana. Daktari, binti mdogo wa juzi tu kutoka chuoni, alitaka mkojo. Kama hujawahi kukinga mkojo wa mtoto wa mwaka mmoja, usicheke. Unamsafisha, unamshika juu ya chombo bila kugusa, unasubiri. Muuguzi alinionyesha ujanja: pamba iliyolowekwa maji baridi, unampapasa nayo chini ya kitovu taratibu. Tulikaa hivyo karibu nusu saa, mikono ikitetemeka, na alipokojoa nilishangilia kama mtu aliyeona goli. Chupa ile ilipotea. Ilisahauliwa juu ya meza ya wodi usiku kucha, kwenye joto, na asubuhi maabara wakaikataa, na walikuwa na haki. Tukaanza upya na pamba.

Usiku wa pili wa sindano homa ilikuwa 39. Mkubwa wa kazi alikuwa ameshindwa, na nilijua kabla ya mtu kuniambia.

Majibu ya kuotesha mkojo hayaharakishwi, bakteria lazima wakue. Fundi wa maabara alipojua kazi yangu aliniita dirishani. "Njoo uone, wewe si muuza dawa?" Akafunua kisahani cha plastiki, kipana kama kifuniko cha kopo la maziwa. Juu yake kulikuwa na utando wa kijivu, kama uji uliopoa ukaganda juu. Kwenye utando wamepanga vidoto vya karatasi vyeupe, kila kimoja kimelowekwa dawa yake na kuandikwa herufi zake. Dawa inayofanya kazi inaacha duara safi kukizunguka kidoto, wadudu hawasogei. Yalikuwapo maduara mawili matatu. Kwenye kidoto cha amoksilini utando ulifika mpaka kwenye karatasi yenyewe, ukaigusa. Septrini hivyohivyo. Seftriaksoni hivyohivyo. Nilikiangalia kile kisahani nikaona rafu zangu zote za dukani.

Kwenye karatasi ya majibu hayo yakawa herufi. R ni sugu, S ni anasikia dawa. Mdudu mwenyewe ni E. koli, bakteria wa tumboni, na R zimepangana kwenda chini kama ngazi. S ya kwanza ilikuwa amikasini.

Swali gumu kuliko yote aliliuliza mama yangu, ambaye hakwenda shule zaidi ya darasa la nne. "Wanasema mwili wake umezoea dawa. Umezoea lini? Si ulisema hajawahi kuumwa?"

Tunasema hivyo sisi sote: mwili umezoea dawa. Hata wauza dawa wanasema. Maneno haya yana madhara kuliko yanavyoonekana, kwa sababu yanakupa amani ya uongo: mwanangu hajazila nyingi, mwili wake haujazoea, yuko salama. Lakini mwili hauzoei. Anayebadilika ni mdudu. Mwanangu hakuwa na kosa, wala damu yake, wala tumbo lake. Alikutana na E. koli aliyekwisha kusoma shule kwenye tumbo la mtu mwingine.

Bakteria kama E. koli, akipata chakula na joto, anaweza kugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Asubuhi mmoja, jioni mamilioni. Katika mamilioni hayo makosa madogo ya kunakili hayakosekani, na mara mojamoja kosa linamsaidia mwenye nalo kuihimili dawa. Dawa ikija kidogo, inaua wale walegevu na kumwachia huyo uwanja. Penisilini, amoksilini na seftriaksoni ni ukoo mmoja, zote zina pete ndogo ya atomu ambayo ndiyo inayobomoa ukuta wa bakteria. Yule sugu anatengeneza kimeng'enya kinachoikata pete ile kama mkasi. Mikasi ya kawaida inakata amoksilini. Iko mikasi mipana inayokata hata seftriaksoni. Kinachonitisha zaidi ni kwamba ramani ya kutengeneza mkasi mara nyingi iko kwenye kipande kidogo cha vinasaba kinachoitwa plasmidi, na bakteria anaweza kumpa mwenzake kipande hicho, hata wa kabila jingine. E. koli anampa Klebsiela, kama jirani anavyoazimana ufunguo wa bomba. Mara nyingi ufunguo unakuja na wenzake kwenye pete moja ya funguo, ndiyo maana sugu wa seftriaksoni akawa sugu wa septrini papo hapo.

Aliutoa wapi mwanangu? Kwenye mikono yangu labda. Kwenye maji, sakafu, choo cha nyumba ya wapangaji sita. Au kwenye tumbo la mtoto aliyepewa za mia tano. Sina njia ya kujua, na fundi wa maabara hana.

Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, aliliona hili mapema kuliko sisi wote. Alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945 alisimulia kisa cha kubuni cha bwana mmoja mwenye koo linalouma. Bwana anajinunulia penisilini, anatumia kidogo, haitoshi kuwaua streptokoka, bakteria wa koo lake, ila inatosha kuwafundisha. Anamwambukiza mkewe, mke anapata nimonia, penisilini inagoma, mke anakufa. Ni duka letu lile, na bwana yule ni mteja wetu wa saa nane. Cha kuchekesha ni kwamba streptokoka wa koo aliyemchagua kwa mfano wake ni mmoja wa wachache ambao mpaka leo hawajajua kuikimbia penisilini. Mzee alikosea mdudu, hakukosea hadithi.

Na hadithi hii ina takwimu za hukuhuku kwetu. Muheza, kilomita 35 hivi kutoka hapa, katika hospitali teule, watafiti waliwafuatilia watoto zaidi ya 3,600 waliolazwa na homa kati ya mwaka 2006 na 2007. Eneo la malaria kali, na malaria ndiyo iliyojaza vitanda. Waliokutwa na bakteria kwenye damu au uti wa mgongo hawakufika 1 katika 10. Lakini kati ya watoto waliofariki, karibu theluthi walikuwa hao. Na sehemu kubwa ya bakteria waliooteshwa hawakusikia dawa za kuanzia zilizopendekezwa wakati ule. Muhimbili nako, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, watoto wenye bakteria wa jamii ya E. koli na Klebsiela kwenye damu walifariki kwa kiwango kinachozidi mara mbili ya wenye malaria. Nilikuwa bado sekondari. Tuliogopeshwa malaria kwa nyimbo na vyandarua. Hawa wengine hawakuwa hata na jina la mtaani. Sasa serikali imewapa kifupi, UVIDA, usugu wa vimelea dhidi ya dawa, na kila Novemba kuna wiki yake na fulana zake. Duniani kote, kwa makadirio ya mwaka 2019, usugu wa bakteria uliua moja kwa moja watu milioni 1.27, na 1 katika kila 5 alikuwa mtoto chini ya miaka mitano.

Amikasini ilifanya kazi. Siku ya pili homa ilishuka, siku ya tatu alidai ziwa kwa kelele mpaka wodi ikacheka. Daktari alinieleza kwamba dawa hii inaweza kugusa figo na masikio, kwa hiyo wanaipima kwa uzito na siku zake zinahesabiwa. Figo walizipima hospitalini. Masikio niliyapima mwenyewe. Miezi mitatu nilikuwa nanyata nyuma ya mtoto anayecheza, napiga makofi, nione kama atageuka. Aligeuka kila mara. Mwishowe akadhani ni mchezo, akawa ananinyatia na yeye.

Neno "uzito" ndilo lililonirudisha kwenye kapsuli. Nilipotoka hospitali nilitafuta mwongozo wa nimonia ya watoto, nikakaa nao kaunta. Mtoto wa kilo 12 anatakiwa miligramu 500 za amoksilini asubuhi na 500 jioni, siku tano. Kapsuli yetu ni 250. Nusu yake ni 125. Ile hesabu yangu ya haki, siku tano kamili, ilikuwa robo ya dozi kila mara, mara kumi mfululizo. Nilikuwa nikidhani nauza nusu.

Ndiyo maana wimbo wa "maliza dozi" unanipa shida. Si wa uongo, ila umechoka. Wataalamu wenyewe wamekuwa wakipunguza siku, maana kwa maradhi mengi siku chache zenye kipimo kamili zinatosha, na kila siku ya ziada inawafundisha shule wadudu wa tumboni wasio na hatia. Yule mama aliimaliza dozi yake. Aliimaliza robo yake yote, tena kwa uaminifu. Na mtoto wake pengine alikuwa na mafua tu, asingepaswa kuianza. Tena iko ile chupa iliyobaki kabatini ambayo mdogo wake atapewa mwezi ujao, imekwisha kuharibika kwa joto la Tanga, imegeuka rangi. Chupa hizo nimeletewa niziongezee maji.

Kuku wa kisasa wanaonyweshwa dawa kwenye maji ili wasife kabla ya wiki ya sita, hao wana makala yao. Siyawezi leo.

Kitu kimoja kinachofanya kazi bila kelele ni sindano za kliniki. Chanjo ya Hib iliingia ndani ya chanjo mseto mwaka 2009, ya nyumokoka ikaanza kutolewa nchini mwaka 2013: wiki ya sita, ya kumi, ya kumi na nne. Bakteria hao wawili walikuwa vinara wa nimonia kali na homa ya uti wa mgongo. Mtoto asiyeugua hahitaji dawa, na mdudu asiyekutana na dawa hafundishwi. Sasa mteja akiniletea kadi naangalia kwanza ukurasa wa chanjo.

Na sifungui kapsuli. Mwenye duka alinuna, mauzo yalishuka, tukagombana, tukaelewana nusunusu: amoksilini ya watoto tunauza ya vidonge vinavyoyeyuka kwenye maji, kwa uzito, na kwenye kaunta kuna mizani. Asiye na hela yote naandika kwenye daftari. Daftari lina majina mengi ambayo hayatalipa.

Wiki iliyopita alikuja bibi mmoja na mjukuu wa miaka miwili. "Shikamoo bibi." "Marahaba. Huyu kifua kimembana, hana malaria, nipe za mia tano." Nilimkalisha, nikampandisha mtoto nguo mpaka shingoni, tukamtazama wote wawili. Kifua hakibonyei. Nikaweka saa ya simu kaunta, tukahesabu pumzi dakika nzima, bibi akihesabu kwa sauti na wazee wa kahawa wakachungulia. Thelathini na nne. Kwa umri wake tungeanza kuogopa kwenye 40. Anakunywa, anacheza na funguo zangu. Nikamwambia, "Bibi, haya ni mafua. Mpe maji, asali kidogo, dawa ya homa hii hapa. Akianza kuhema mbio au kukataa kunywa, usije hapa, nenda hospitali moja kwa moja."

Aliniangalia kama mtu aliyenyimwa maji ya kunywa. "Kwa hiyo hunipi."

"Hazitamsaidia, bibi."

Alimbeba mtoto, akanirudishia dawa ya homa juu ya kaunta. Nikamwona anavuka barabara, anasubiri baiskeli mbili zipite, anaingia duka la pili. Hakukawia. Alipotoka alikuwa ameshika bahasha ndogo.